Nyumba Iliyosemwa Vibaya na Mwenyewe

Mtaani walimwita Mama Gonga, na kwa jina hilo hawakumwonea. Kazi yake ilikuwa kuthamini nyumba. Watu wakitaka kuuza, kukopa au kugawana, yeye ndiye anayeitwa kuja kusema nyumba hii ni ya kiasi gani. Na kabla hajasema, lazima agonge. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akagonga vigae kwa kisigino, akagonga milango, masinki na matangi ya maji. Kitu kikijibu kwa sauti nzito, sawa. Kikijibu kama debe tupu, uso wake ulibadilika, na mwenye nyumba naye akaanza kujieleza. Miaka ilivyozidi kwenda mkono ukazoea mno, ukawa haujui tena kazini ni wapi na sokoni ni wapi. Aligonga matikiti, aligonga mikate. Siku binti yake alipomleta mchumba nyumbani, mume wa Mama Gonga, dereva mstaafu asiyejua kunyamaza, alimwahi kijana wa watu mlangoni akamnong'oneza, "Karibu sana baba, ila huyu mama mkweo akikusogelea, linda kichwa."

Kutokuamini hakukuzaliwa naye. Kazi ndiyo iliyompa. Ukiingia katika nyumba za watu kila siku, huku kila mmoja anataka uone anachotaka yeye, utajifunza tu. Alishakuta picha ya harusi imetundikwa usawa wa goti, na nyuma yake ufa unaoweza kumeza kijiko. Alishakuta zulia limetandikwa jikoni. Kuna bwana mmoja alifungulia redio kwa sauti ya juu tangu Mama Gonga anaingia mpaka anatoka, akidai anasikiliza mpira, kumbe bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta na hakutaka mgeni alisikie. Kwa hiyo Mama Gonga akikaribishwa kwa shangwe, alianza kutafuta wapi pana zulia.

Jambo moja tu lilikuwa halijamtokea katika miaka yote hiyo: kumkuta mtu anayeiponda nyumba yake mwenyewe.

Mambo yalianza ofisini kwake, alipoingia muuza vipuri vya magari, mtu mzima, tumbo mbele, funguo nyingi kiunoni. "Mama, mimi sina maneno mengi," akasema, kisha akaongea mpaka chai ya Mama Gonga ikapoa mezani. Yeye na mdogo wake walinunua kiwanja pamoja, nusu kwa nusu. Mdogo wake alikuwa fundi wa malizio, yule anayeitwa nyumba ikishasimama ili aipige lipu, aweke sakafu na kuipendezesha. Akajenga nyumba yake hapo. Mwaka jana akafariki. Sasa kaka mtu alitaka haki yake, na mjane alikataa kutoka. Familia ikakaa, ikakubaliana: atafutwe mthamini asiye ndugu wa mtu, aseme thamani ya nyumba na kiwanja. Mjane akiweza kumlipa shemeji yake nusu, nyumba ni yake na maneno yamekwisha. Akishindwa, iuzwe, wagawane, naye akaishi kwa binti yake.

"Kule kuna chumba chake kabisa," akasema muuza vipuri. "Anapendwa sana. Na nyumba yenyewe, mama, utaiona. Marehemu aliijenga kwa mkono wake, kwa ramani yake, alivyotaka yeye. Hakuna nyingine kama ile mji mzima."

Alidhani anasifia. Hajui kwamba maneno hayo, hakuna nyingine kama ile, humwumiza mthamini kichwa. Nyumba hupimwa kwa wenzake: hii imeuzwa kiasi hiki, ile kiasi kile, basi na hii itakuwa hapo katikati. Nyumba isiyo na mwenzake utaiweka wapi? Mama Gonga akamtazama yule bwana, akajiuliza anaficha nini, akachukua begi lake.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Mjane alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu, gauni limepigwa pasi mpaka mistari inakata.

"Karibu dada. Umekuja na viatu vya kazi kweli."

Mama Gonga akatazama buti zake. Zilikuwa za kawaida tu. Akaliweka neno hilo pembeni, pamoja na mengine atakayoyapata. Kisha akaona jinsi mama yule anavyomtazama: usoni, au tuseme karibu na usoni, kama mtu anayeipenda hereni ya mwenzake.

"Utatuonea aibu," akaendelea mjane, akitangulia ndani. "Hizi sakafu, kila chumba na lake. Mume wangu alikuwa anarudi na masalia ya saiti. Kikibaki kigae kwa tajiri, huyo, kakipakia. Na kona hizi kazikata mviringo zote, hata kabati halikai vizuri. Na milango ya kusukuma pembeni, kama ghala. Nilimwambia mimi, baba, tunajenga nyumba au bohari?"

Hapo Mama Gonga akacheka kimoyomoyo. Kumbe huyu ni mjanja! Thamani ikishuka, anachomlipa shemeji kinashuka nacho. Wengine hutandika zulia, huyu analifunua. Ujanja wa aina yake, lakini ni ujanja uleule, na Mama Gonga hakuja kucheza. Akatoa utepe wa kupimia, akaanza kazi.

Ila kadiri alivyogonga ndivyo mambo yalivyokataa kukaa sawa. Sebuleni sakafu ilikuwa laini kama sahani. Koridoni ilikuwa saruji iliyochanwa mistari mwanzo hadi mwisho. Jikoni vigae vyenye chembechembe, chumbani mbao, bafuni vijiwe vidogo vilivyopangwa kimoja kimoja. Akagonga zote kwa kisigino. Zote zikajibu nzito, hakuna hata pembe iliyolia. Masalia hayawi hivyo. Masalia humwishia fundi katikati ya chumba, akaunga rangi isiyofanana, akakata vipande vya kuziba. Hapa kila sakafu ilikuwa imetosha chumba chake, kama nguo iliyokatwa kwa kipimo. Mtu aliipanga. Sasa kwa nini mke amwite marehemu mumewe mdokozi wa vigae mbele ya mgeni, na vigae vyenyewe havikudokolewa?

Akawasha tochi, akaiweka ubavuni mwa ukuta wa korido. Mwanga ukienda kwa ubavu hakuna uongo wa lipu unaosalia. Kila kibonde na kila kivimbe hutoa kivuli chake. Akaona mstari. Chini ya rangi, usawa wa kiuno, unene wa kidole, umetoka mlango wa mbele ukaenda hadi mwisho. Hapa ndipo, akajisemea. Ufa umezibwa. Akagonga. Ukuta ukajibu mzima. Akagonga tena, juu na chini. Mzima.

"Hapo lipu ilimshinda," sauti ya mjane ikatoka jikoni.

Mama Gonga akageuka. Kutoka jikoni huwezi kuona korido. Kuna ukuta mzima katikati. Huyu mwanamke anamfuatilia vipi? Na mtu mkweli tangu lini akaeleza kabla hajaulizwa? Pengine kuna waya wa wizi humu. Pengine kuna bomba la jirani. Pengine shemeji mtu na shemeji yake wamepanga kitu, na yeye ndiye mjinga anayetumika kukipiga muhuri.

Akaingia chumbani akabonyeza swichi. Giza. Akabonyeza tena.

"Dada, taa ya huku imeungua!"

"Aa, hiyo imeungua jana tu," ikajibiwa haraka.

Akamulika juu. Buibui alikuwa ameunga uzi kutoka kwenye balbu mpaka kwenye bomba la pazia, akarudi akaunga mwingine, akatanda wavu mpana kama kitambaa cha kochi, vumbi limeujaa. Buibui hafanyi kazi yote hiyo usiku mmoja. Akaenda bafuni: hata balbu haikuwepo. Stoo, hakuna. Zilizowaka zilikuwa mbili tu, ya barazani na ya sebuleni, kule wageni wanakofika.

Mama Gonga akasimama koridoni, tochi mkononi. Akaizima. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kazini: akafumba macho, akauweka mkono juu ya ule mstari wa ukutani, akatembea.

Mstari ulimwongoza kama mtu aliyemshika kidole. Ukafika mahali ukatoa kinundu kimoja, na hapo palikuwa na mlango wa chumba. Mbele vinundu viwili: bafuni. Hakuna kizingiti cha kumkwaza, hakuna mlango ulioachwa nusu wazi ukamsubiri na paji la uso, hakuna kona ya kumchoma bega. Chini ya buti saruji yenye mistari ikakoma, chembechembe zikaanza, naye akajua yuko jikoni kabla hajasikia harufu ya kitunguu.

Akafumbua macho. Mjane alikuwa anakata vitunguu, kisu kinakwenda chap chap, uso umeelekea dirishani.

"Umenyamaza ghafla," akasema. "Sikusikia ukigonga."

"Nimemaliza kugonga."

Kisu kikasimama. "Umeona nini?"

"Nimeona nyumba."

Kisha mjane akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kama mtu anayeahirisha jambo. Akasema macho yake yalianza kufa tangu mumewe yuko hai. Mwanga anauona, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, lakini uso hapana, na maandishi alishayasahau. Daktari alisema itachukua miaka, na haitarudi nyuma. "Mume wangu ndiye aliyenipeleka siku ile. Tukafika nyumbani akashika nyundo akaanza kubomoa vizingiti. Nikamwuliza, baba, nini? Akasema anapanua njia."

"Nani anajua?"

"Yeye alijua. Na sasa wewe." Akacheka bila raha. "Binti yangu akija namweka sebuleni mchana, tunaongea. Shemeji haoni zaidi ya vipuri vyake. Wakijua, dada, watanihamisha kesho. Tena kwa upendo, watanikumbatia mpaka garini. Kule kwa binti yangu kuna ngazi, kuna watoto na baiskeli zao, kuna meza ya kioo. Kule nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni mtu na nyumba yake."

Sasa nani asingelainika? Lakini msimjue Mama Gonga nusu nusu. Hata pale, moyo mmoja ukimwuma, moyo wa pili ulikuwa unamwuliza: na kama hii nayo ni zulia? Akasema kwa ukavu, "Mimi sishushi thamani kwa huruma."

"Sikukuomba," akajibu mjane, akaokota kisu. "Andika ulichoona. Sababu yake hukuitiwa."

Siku iliyofuata ofisini ilikuwa ngumu. Hesabu ya kiwanja ilikwenda, ya kuta na bati ikaenda. Tatizo lilikuwa sakafu, milango, kona, mstari. Marehemu alitumia kazi na vifaa vingi kuliko nyumba mbili za kawaida, hilo halina ubishi. Lakini alichotoa aliyejenga ni kitu kimoja, na atakachotoa anayekuja kununua ni kingine. Mnunuzi ataona nini? Jioni akamwuliza mume wake bila kumtajia mtu:

"Ungenunua nyumba ambayo kila chumba kina sakafu ya aina yake?"

"Hiyo nyumba, au duka la vigae limeweka sampuli?" akauliza dereva mstaafu. "Ningeinunua kwa bei ya kubomoa, mke wangu. Halafu na wewe uje unigongee."

Ndivyo alivyofikiri na yeye. Na hilo ndilo lililomtia wasiwasi, kwa sababu jibu lilikuwa linampendeza. Mtu akipendezwa na jibu, akajisemea, alikague kama la mwizi. Akairudia hesabu kana kwamba nyumba ni ya adui yake, aliyemtukana mbele za watu. Ikatoka palepale. Akairudia kama ya dada yake. Palepale. Akapiga muhuri, na bado akatoka ofisini anajitazama kwa jicho la pembeni.

Wakakutana sebuleni kwa mjane kusikia neno la mthamini. Muuza vipuri alipoisikia thamani alisimama kama aliyekalia sindano.

"Mama, umekosea! Hiyo ni bei ya nyumba ya mtu yeyote!"

"Ni chini kidogo ya hapo," akasema Mama Gonga.

"Mdogo wangu alikuwa fundi namba moja! Sakafu tano!"

"Sakafu tano ndizo zilizoishusha. Anayenunua atazitoa zote aweke moja. Milango atang'oa. Kona atazijenga upya apate pa kuweka kabati. Gharama hiyo ataikata kwako, sio kwangu."

"Umekula nini hapa?" Bwana akamgeukia shemeji yake. "Umempa nini huyu?"

"Hata maji hajanywa," akasema mjane. "Na ni aibu, ngoja nilete." Akainuka akaenda zake jikoni, wima, haraka, kama anavyokwenda kila siku.

Muuza vipuri hakutulia. Akashika kiti cha mbao, akakiburuta mpaka koridoni, akapanda juu yake kuichunguza dari. "Dari hii umeihesabu? Hii ni kazi! Hii mbao siyo ya kuokota!" Akashuka akipangusa mikono, akarudi sebuleni anahema, kiti kimebaki katikati ya korido.

Huko jikoni bilauri ziligongana kwenye sinia. Kisha hatua.

Mama Gonga akakitazama kile kiti. Kimesimama pale ambapo hapajawahi kusimama kitu. Akisema "angalia kiti", muuza vipuri atajiuliza kwa nini mwenye nyumba aangaliziwe kiti kilicho mbele ya macho yake mchana kweupe. Akikiondoa mbio, ataulizwa mbio za nini. Akinyamaza, sinia litaanguka, na mwanamke juu yake, na kila kitu kitajulikana kabla bilauri hazijaacha kubingirika. Na hapo hapo sauti yake ya zamani ikamwambia: wewe si wa upande wowote, kaa ulipo.

Akainuka, akaenda akakaa juu ya kile kiti, katikati ya njia, kama mtu aliyechoka na wagomvi.

"Mimi nakaa hapa hapa koridoni," akasema kwa sauti ya kuitia kuku, "mpaka bwana huyu amalize kupiga kelele. Kichwa kinaniuma!"

Hatua zikapungua. Mjane akatokea na sinia, mgongo wa kiganja kimoja ukigusa ukuta kidogo tu, akajibana, akapita ubavuni mwake bila hata tone kumwagika. "Pole dada," akasema, akimsogezea sinia achukue bilauri. "Wagonjwa wa kichwa hupewa maji kwanza."

Muuza vipuri hakuona kitu. Alikuwa katikati ya hasira yake. "Nitaleta mthamini mwingine!"

"Mlete," akasema Mama Gonga, akinywa. "Na mlete mnunuzi pia. Mwambie apite chumba hadi chumba, umsikilize."

"Mnunuzi, mnunuzi! Wanunuzi wenyewe ndio haohao, wanatazama sakafu tu! Hata yule jamaa naye alisema atazing'oa zote..." Akasita. Mdomo ulikuwa umeshatangulia.

Mjane akaliweka sinia mezani polepole. "Jamaa gani, shemeji?"

Muuza vipuri akashika funguo zake kiunoni.

"Ulimwingiza mtu nyumbani kwangu? Lini? Nilipokwenda kwenye msiba?" Hakupandisha sauti. "Nilirudi siku ile nikanusa mafuta ya nywele humu ndani. Nikasema nazeeka vibaya. Kumbe ni wewe, na funguo ulizobaki nazo."

Muuza vipuri akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mwenye haraka, na mwenye haraka akikamatwa huwa hana pa kuweka mikono. Akatazama dari, akatazama funguo zake kiunoni, akaichomoa moja, akaiweka mezani kando ya sinia. "Basi," akasema. "Iwe alivyosema mthamini. Sitaki maneno na familia." Akatia sahihi yake kwenye makubaliano kama mtu anayekandamiza mdudu, akaondoka bila kumaliza maji.

Mama Gonga akakirudisha kiti sebuleni, palepale kilipotolewa, akakisogeza mpaka miguu ikalingana na meza. Mjane akasikiliza kikiburutwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwambie binti yako," Mama Gonga akasema. "Huyu leo amekosa kuona kwa hasira. Kesho atakuja mwingine ametulia. Na ukianguka siku moja, nani atajua?"

"Chungulia kwanza getini."

"Nini?"

"Shemeji yangu. Gari sijalisikia likiondoka."

Mama Gonga akaenda dirishani, akasogeza pazia kwa kidole. Kweli, muuza vipuri alikuwa bado getini, ameegemea mlango wa gari, anaitazama nyumba kuanzia bati mpaka msingi kama mtu anayeitafutia kosa. Akakaa hivyo kitambo. Mwishowe akaingia, akawasha, akaondoka.

"Amekwenda."

"Sasa hivi nimesikia." Mjane akaiokota ile funguo mezani, akaifumbata. "Nitamwambia binti yangu, dada, nakuapia. Nitamwambia yote, na kama anataka kuja kulala huku awe ananiangalia, vyumba vipo. Lakini kwanza nimlipe huyu, na hati itoke kwa jina langu, niishike. Kabla ya hapo, ukiulizwa mjini," akamgeukia Mama Gonga, safari hii akampata machoni kabisa, "mimi naona vizuri tu."